Aya Iishie Wapi? Namna Ninavyopima Urefu wa Aya

"Shikamoo mama. Eti aya iwe na sentensi ngapi?"

Vijana wanaoniletea makala zao nizipitie huniuliza hivyo hata kabla ya kuketi. Wengine huja na jibu tayari: shuleni waliambiwa sentensi tano, au wamesoma mahali kwamba maneno 150 yanatosha. Mimi nimeingia kwenye uhariri wa magazeti mwaka 1998, kwanza kwenye meza ya habari za mikoani hapa Dar es Salaam, baadaye kwenye makala ndefu, na katika miaka yote hiyo sijaona aya nzuri iliyopatikana kwa kuhesabu. Nimeona aya za sentensi moja zilizoshiba. Nimeona za ukurasa mzima ambazo ukifika mwisho unatamani ziendelee. Kwa hiyo idadi sitakupa. Nitakuonyesha ninavyofanya mwenyewe, na mfano nitautoa kwenye andiko langu, kwa sababu andiko la mtu mwingine ni vigumu kulikata bila kujua alikuwa anataka kusema nini.

Tuanze na neno lenyewe. "Aya" ni ya Kiarabu, na mtoto wa Tanga kama mimi aliijua kwenye chuo cha Kurani kabla ya kuijua shuleni. Katika Kurani, aya ya 282 ya Sura ya Baqara, ile watu wanayoiita aya ya deni, inajaza ukurasa mzima wa msahafu wa chapa ya Madina. Katika Sura ya Ar-Rahman, aya ya 64 ni neno moja. Zote mbili ni aya. Nikiwa mdogo niliiogopa ile ndefu kwa sababu ya kuhifadhi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwa nini ni ndefu: inaeleza watu wakikopeshana kwa muda wafanyeje, nani aandike, nani atamke yanayoandikwa, mashahidi wawe wangapi, na anayedaiwa akiwa hawezi kujisemea nani amsemee, mpaka kufikia biashara ya papo kwa papo ambayo haidai maandishi. Ni shughuli moja tangu inaanza hadi inakwisha. Na lile neno moja linasifu kijani kilichokoza cha bustani mbili, basi, limetosha. Kitabu kitakatifu si cha kuigwa na mwandishi wa makala, lakini neno tunalolitumia kila siku tumelichota huko, na huko halikuwahi kuwa na kipimo kimoja.

Washairi wetu nao wana neno zuri: utoshelevu. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mshororo mizani 8, na bado wanautaka ubeti ujitosheleze, msikilizaji akiusikia peke yake apate maana kamili. Ninapoitazama aya hujiuliza hilo kwanza. Imejitosheleza? Kama bado, urefu wake hautanisaidia kitu, uwe wowote.

Kuhesabu kunakotupoteza

Miongozo mingi inayozunguka asili yake ni Kiingereza, na hesabu zake ni za lugha hiyo. Chukua "hawakutukumbusha". Kwetu ni neno moja. Mwingereza atatumia matano kusema jambo hilohilo. Kitenzi chetu kinabeba mtendaji, mtendwa, wakati na ukanushi kwa mkupuo mmoja. Aya ya Kiswahili ya maneno 100 basi inakuwa na mambo mengi kuliko ya Kiingereza yenye idadi hiyo, tena inakula nafasi kubwa zaidi kwenye karatasi, maana maneno yetu ni marefu.

Nililiona hili kwa macho kwenye kompyuta za wasanifu kurasa, enzi hizo tukitumia programu ya PageMaker. Safu yenye upana wa sentimita 5 ilibeba maneno manne ya Kiswahili kwa mstari, mara chache matano. Aya ya maneno 100 iliteremka mistari 25, karibu sentimita 9 za wino mtupu. Kulikuwa na mzee mmoja, mhariri wa zamu ya usiku, aliyekuwa na desturi ya kuutazama ukurasa akiwa amesimama mbali, bila kusoma. Halafu husogea, anaweka kidole kwenye aya ya namna hiyo na kusema, "Hapa pameziba." Mara nyingi alikuwa sahihi. Mara chache alikosea, na hizo mara chache ndizo zilizonifundisha zaidi, kwa kuwa zipo aya zinazoonekana zimeziba lakini ukizikata unazivunja shingo. Moja nitaieleza mbele.

Hili hapa ni andiko langu la mwaka 2001, kama lilivyokuwa kabla hajaliona mtu. Nimezaliwa kwenye shamba la mkonge, baba akiwa mfanyakazi wa korona, mashine ya kuponda majani ya mkonge, na nilitaka kuyasema yote mara moja:

"Mkonge uliletwa pwani yetu mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni iliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasafirishwa kwa meli kupitia Hamburg, na ilipofika, 62 tu ndiyo iliyokuwa hai. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikaenea hadi mkonge ukawa zao kubwa. Jani likishakatwa hupelekwa korona, mashine inayoponda na kukwangua nyama ya kijani hadi zibaki singa, yaani nyuzi. Singa huoshwa, huanikwa juani kwenye nyaya, hupigwa brashi, kisha hufungwa marobota. Baba yangu alisimama kwenye korona miaka 19 na mikono yake iliwasha mpaka usiku. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000, ikaongoza duniani. Kisha kamba za plastiki ziliingia sokoni, bei ikaanguka, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Leo ukitoka Segera kwenda Tanga utaona mikonge mizee iliyochomoza milingoti ya maua."

Sentensi tisa, maneno hayafiki 150. Kwa kipimo cha miongozo, aya hii imefaulu. Mimi nakwambia ni aya mbaya, na ubaya wake hautokani na urefu. Nilipoambiwa niikate nilifanya kosa wanalofanya wengi: nikaigawa kila baada ya sentensi mbili, ionekane nadhifu. Aya ya pili ikaanza na "Ilipandwa Kikogwe" na kuishia kwenye korona, miaka mingi mbele, kana kwamba miche ya Hindorf ilishushwa melini asubuhi ikapondwa jioni. Ukurasa ulipendeza. Maana ilivurugika kuliko mwanzo.

Fuata kiambishi

Kifaa ninachokiamini kuliko vyote kimo ndani ya sarufi yetu. Chukua penseli. Pigia mstari nomino inayoongoza aya, halafu fuatilia kiambishi chake kwenye kila kitenzi. Mkonge: uliletwa. Miche: ikasafirishwa, ilipofika, ilipandwa. Ilimradi nomino hiyo ndiyo mwenye vitenzi, aya iko hai na inaweza kuendelea. Ikija nomino nyingine ikavichukua vitenzi kwa zaidi ya sentensi moja, hiyo inadai nyumba yake.

Sasa rudi kwenye andiko langu uitafute "i". Kampuni iliagiza. Miche ikasafirishwa. Nchi ilizalisha. Bei ikaanguka. Wenye "i" ni wanne na zaidi ndani ya aya moja, kwa sababu "i" ni ya wingi wa mche na vilevile ni ya umoja wa kampuni, nchi na bei. Soma tena pale: "Kampuni iliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikasafirishwa." Nini kilisafirishwa? Msomaji atajua, lakini amelazimika kusimama nusu sekunde ajue. Akisimama hivyo mara nne ndani ya aya moja amechoka, naye hatajua kilichomchosha. Atasema tu, "Aya ndefu."

Kwa habari za watu jambo hili ni gumu zaidi. Kila mtu ni "a". Baba ni "a", mwajiri ni "a", daktari ni "a". Andika aya ya sentensi nane yenye wanaume watatu na utapata "alimwambia amsubiri kwa kuwa alikuwa amechelewa", na hapo hakuna anayejua nani alichelewa. Ndiyo maana simulizi za watu wengi hutaka aya fupi kuliko maelezo ya kazi au ya mahali. Ukitaka kuirefusha itakubidi uwataje kwa majina kila mara, jambo ambalo nalo linachosha sikio.

Kiambishi kingine cha kufuatilia ni "ka". Mnyororo wa "akaenda, akanunua, akarudi" ni mwendo mmoja. "Ka" huegemea kitenzi kilichotangulia. Usiukate katikati ya mnyororo. Subiri mahali ambapo mwenyewe, bila kujua, umerudi kwenye "li": "Siku hiyo mvua ilinyesha…" Hapo sauti yako imeanza upya na aya mpya imejiweka yenyewe. Wasimulizi wa hadithi huanza aya kwa "Akaondoka" na wanapatia, maana wanataka msikilizaji asipoe. Katika makala ya maelezo mimi huiogopa. Na kila nikikata, naangalia kitenzi cha kwanza cha aya mpya kama mwenye nacho ametajwa. "Ilipandwa" ikisimama juu ya aya bila jina ni kama mtu aliyeingia ukumbini bila kubisha hodi.

Fanya zoezi hili kwa penseli kwenye karatasi, si kichwani. Kichwani utajidanganya, kwa sababu wewe unawajua wenye viambishi wote.

Swali la pembeni

"Aya moja, wazo moja." Sote tumefundishwa hivyo, na si vibaya, ila wazo halina mpaka. Mkonge ni wazo. Tanga ni wazo. Ukoloni ni wazo. Kwa kanuni hiyo kitabu kizima kinaweza kuwa aya moja.

Ninachofanya ni kuandika pembeni mwa kila aya swali ambalo aya hiyo inalijibu. Swali kamili, lenye kiulizi. Andiko langu lilinipa haya: Mkonge ulifikaje kwetu? Jani huwaje singa? Zao lilipandaje na likashukaje? Sasa hali ikoje barabarani? Maswali manne kwenye aya moja. Hapo sikuhitaji kuhesabu sentensi tena. Aya ikijibu maswali mawili, ikate kwenye mshono wa maswali hayo, hata kama kipande kimoja kitabaki na sentensi mbili na kingine kumi. Aya mbili zikijibu swali moja, ziunganishe.

Hili la kuunganisha ndilo linalosahaulika siku hizi. Miaka ishirini iliyopita niliwafundisha vijana kukata, sasa muda mwingi ninawafundisha kushona. Makala inakuja ina vipande ishirini na tano, kila sentensi imekaa kwenye mstari wake. Alama ya haraka ya kuvitambua vipande visivyopaswa kuachana ni lile neno la kwanza. Aya ikianza na "Aidha", "Vilevile", "Pia" au "Sambamba na hilo", ujue mwandishi mwenyewe alihisi kwamba imeng'olewa mahali. Futa neno hilo, ipandishe sentensi kwenye aya ya juu, soma. Mara nyingi inakaa kimya kama haikuwahi kutoka. "Hata hivyo" ni habari nyingine. Hilo linageuza mwelekeo, na mgeuko unaweza kustahili aya yake, hasa kama unachokipinga ulikieleza kwa kirefu.

Ukiona swali la pembeni halipatikani kabisa, yaani umeisoma aya mara mbili na hujui inajibu nini, usihangaike na urefu wake. Pengine haina kazi hapo.

Gazeti, simu, barua

Baada ya kukata kwa maana ndipo ninapokata kwa macho, na hapa panategemea msomaji atakutana na maandishi wapi.

Kwenye safu nyembamba za gazeti hukata zaidi, kwa sababu niliyoieleza. Ndani ya swali moja huwa kuna vituo vidogo, na safu nyembamba inaruhusu kuvitumia. Kitabu hakinilazimishi, mstari wa kitabu unabeba maneno tisa au kumi na jicho linastahimili.

Simu ndiyo ngumu. Siku hizi makala ikishaiva najitumia mwenyewe kwa WhatsApp, nakaa mbali na meza, nasoma kama mtu aliye kwenye daladala. Kwenye simu yangu mstari unabeba maneno kama sita. Aya ya maneno 120 ni mistari 20, inakaribia kuujaza uso wa simu. Shida inayotokea hapo ni kwamba msomaji haoni tena kingo. Hajui aya ilianzia wapi wala itaishia wapi, na akiinua macho kulipa nauli akirudi hajui alikuwa mstari gani. Kwa hiyo kwa simu ninajitahidi kila uso uwe na angalau nafasi moja nyeupe. Ninajitahidi, sijifungi. Palipo na aya isiyokatika, naiacha, ila natangulia kuiwekea aya fupi juu yake ili msomaji aingie akiwa amepumzika.

Barua za ofisi za serikali hapa Tanzania zina utaratibu wake, na ninaupenda. Aya ya kwanza inataja kichwa cha habari kilichohusika na haina namba. Kuanzia inayofuata unaweka 2, 3, 4. Namba hizo zipo ili anayejibu aseme "kuhusu aya ya 3 ya barua yako". Basi aya ya barua ipimwe kwa hilo: ombi moja, jibu moja. Niliwahi kuweka maombi mawili kwenye aya ya 3 ya barua kwenda ofisi moja. Nilijibiwa moja, na lingine nikasubiri miezi minne, hadi nilipoandika barua nyingine yenye aya mbili tofauti.

Mazungumzo hayana mjadala mrefu: kila msemaji na mstari wake, hata akisema "Ndiyo" tu.

Kwa redio hakuna anayeiona aya, lakini msomaji wa taarifa anaiona, na kwake hicho ni kituo cha pumzi. Hata kama huandikii redio, soma kwa sauti. Simama, usisome ukiwa umeinama, na mahali sauti inaposhuka yenyewe weka alama ya penseli. Usiitazame kwanza karatasi kama pana aya au hapana. Alama zako na aya zako zikikutana, vizuri. Zikipishana, mimi huamini sauti kwanza, kisha nahakikisha kwa kiambishi.

Mkonge baada ya kukatwa

Andiko lilitoka hivi mwishoni. Nakupa mwanzo wake na ile sehemu ya korona, ndizo zenye la kujifunza.

"Mkonge uliletwa pwani yetu mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapakiwa melini, ikavuka bahari hadi Hamburg, ikaanza safari nyingine kuja kwetu.

Iliyofika hai ni 62.

Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kutoka hapo mkonge ukaenea."

Utaona nimeivunja kanuni yangu. "Iliyofika" imefungua aya bila jina. Niliiruhusu kwa sababu miche ndiyo ilikuwa mwenye vitenzi vyote vya mnyororo uliotangulia, hakuna "i" nyingine ya kuichanganya, na kilichobaki kusemwa ni tarakimu. Kampuni nilishaitoa kwenye usukani. Aliyeagiza sasa ni Hindorf, naye ni "a". Bila marekebisho hayo ya ndani ile aya fupi isingesimama. Hapo ndipo vijana wengi wanapokosea kuhusu aya ya sentensi moja. Wanadhani nguvu yake inatokana na kukaa peke yake, kumbe inatokana na aya iliyo juu yake kuwa imelibeba jambo mpaka ukingoni. Na itumie kwa uchache. Katika makala ya maneno 1,500 mimi hujiruhusu moja, pengine mbili zikiwa mbali. Msomaji akishazoea kuona sentensi moja moja, ile uliyotaka imguse haitamgusa, ataipita kama zilizotangulia.

Halafu ikaja aya ya korona:

"Jani la mkonge halingoji. Likishakatwa na kufungwa mafungu hupelekwa korona mapema, likapangwa kwenye mkanda pamoja na mengine, likavutwa ndani ambako vyuma vinaliponda na kulikwangua huku maji yakimwagika, na nyama yake ya kijani ikaenda na maji, upande wa pili zikatoka singa mbichi zenye rangi ya maziwa. Singa huchukuliwa zikiwa bado zinachuruzika, zikaoshwa, zikapelekwa kwenye nyaya uwanjani na kuanikwa safu kwa safu mpaka ukitazama kwa mbali unadhani ni nguo za kijiji kizima. Zikikauka hupigwa brashi, vumbi likajaa banda, zikang'aa, zikapangwa kwa madaraja na kushindiliwa marobota. Baba yangu alikuwa kwenye mkanda. Alipanga majani miaka 19, na utomvu wa mkonge unawasha, kwa hiyo usiku alikaa nje ya nyumba mikono ikiwa ndani ya karai la maji, na sisi watoto tulijua kwamba wakati huo haulizwi kitu. Asubuhi king'ora kililia, majani mengine yalikuwa yameshafika."

Mzee wa zamu alikuja, akasimama mbali, akaweka kidole. "Hapa pameziba." Safu ile ilikuwa imejaa kuanzia picha mpaka chini. Nilimwomba aisome kabla hajaikata. Akaisoma amesimama, akarudia sehemu ya katikati, akaondoa kidole. Ilichapwa nzima.

Ningeweza kuigawa pale penye "Singa huchukuliwa". Nomino imebadilika kutoka jani kwenda singa, na kwa kipimo changu cha kiambishi pale ni mpaka. Lakini singa ni lile jani lenyewe. Swali la pembeni ni moja, jani huwaje singa ya kuuzwa, na mashine haisimami kati ya hatua hizo; nilitaka msomaji naye asipate pa kusimama. Vipimo vikipingana namna hii huwa naliangalia jambo lenyewe lilivyo duniani. Linakwenda bila kituo? Basi aya nayo iende. Ungekuwa unaandika kuhusu msusi wa mikeka, ambaye anasuka, anaweka chini, anapika, anarudi, aya za namna nyingine kabisa zingefaa.

Kilichonisumbua ni baba. Rasimu ya pili nilimtenga. Nilimweka peke yake chini ya aya ya korona, sentensi moja, nyeupe juu na nyeupe chini: "Baba yangu alikuwa kwenye mkanda." Nilidhani nimempa heshima. Nikaisoma kwa sauti usiku, na sauti yangu haikushuka pale nilipomtenga. Iliendelea. Nikaandika swali lake pembeni na halikuwa swali jipya, lilikuwa lilelile la jani na singa. Tena ile sentensi ilikuwa inamwonyesha msomaji mahali pa kuhuzunika, wakati baba mwenyewe hakuwahi kukaa pembeni ya kazi ile hata siku moja. Kwa hiyo nikampandisha, nikamrudisha ndani ya aya, baada ya marobota na kabla ya king'ora.